Klachi inasaga, injini inatetemeka: usinunue klachi mpya bado

Swali: Shikamoo fundi. Niko Hombolo, hapa Dodoma. Nina baiskeli ya Phoenix ya inchi 28 niliyoifunga injini ya stroku mbili, ile wanayoiita ya sisi 80. Naitumia kwenda shamba la zabibu, mara nyingine nikiwa na dumu la maji nyuma. Sasa inanisumbua. Nikisimama huku nimebana klachi, upande wa kulia wa injini nasikia chuma kikigongana. Nikiachia na kuanza kutembea, mgongano unapungua lakini inaingia sauti ya kusaga. Nikiongeza mwendo, mtetemo unakuwa mkali hadi viganja vinakufa ganzi. Nati za kufungia injini zinalegea kila wiki, na stadi moja ya mbele, ile boliti isiyo na kichwa inayofungia injini kwenye fremu, imekatika. Fundi wa pikipiki anasema klachi imekufa, ninunue seti nzima. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Weka hela yako kwanza. Katika yote uliyoeleza, lenye uzito kuliko mengine ni hiyo stadi iliyokatika. Klachi mbovu huteleza, hunuka, au hukataa kuachia, lakini haina uwezo wa kukata stadi ya kufungia injini. Stadi hukatika pale injini inapocheza kwenye fremu. Injini ikicheza, mnyororo nao haukai kwenye mstari wake, beringi za klachi zinavutwa kwa upande, na kelele inayotoka hapo utaisikia kwenye kifuniko cha klachi hata kama klachi yenyewe ni nzima. Kwa hiyo kelele yako na mtetemo wako nauona ni ugonjwa mmoja mpaka vipimo viseme vinginevyo. Ukifunga klachi mpya kwenye injini inayocheza, baada ya muda mfupi utarudi kwenye kelele ile ile.

Kabla ya kugusa spana, elewa sauti zinatoka wapi. Injini hizi zina silinda moja ya kipenyo cha milimita 47 na pistoni inayotembea milimita 38 au 40, yaani sisi 66 hadi 69 hivi. Hiyo 80 ni jina la dukani. Kwenye kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, upande wa kulia, kuna gia ndogo ya meno 20. Inasukuma gia kubwa ya meno 82 iliyobeba vipande vya msuguano vya klachi. Katikati ya gia kubwa unapita mhimili mtupu wa ndani, na mwisho wa mhimili huo, upande wa kushoto, ndipo ilipo sproketi ndogo ya meno 10 inayovuta mnyororo. Ukibana klachi, mkono ulio juu ya kifuniko cha kushoto unasukuma goroli, goroli inasukuma rodi iliyopita ndani ya mhimili, na rodi inaisukuma pleti ya nje iachane na vipande vya msuguano. Gia kubwa haisimami kamwe wakati injini inawaka. Kinachosimama ni mhimili.

Hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha ugonjwa ulipo.

Pandisha baiskeli kwenye stendi, tairi la nyuma likae hewani. Washa injini ipate joto, iache ingurume taratibu. Bana klachi na uifunge kwa kile kitufe cha kwenye mkono wa klachi wa usukani. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse kifuniko cha klachi, mpini uuweke sikioni. Nguo na vidole viwe mbali na mnyororo. Hapo gia kubwa inazunguka peke yake juu ya beringi yake, haina mzigo, na kila pistoni inaposukuma, meno ya gia ndogo yanagonga meno ya gia kubwa mbele na nyuma. Kugongagonga kwa kiasi katika hali hiyo ni kawaida kwa injini hizi zote, hata zikiwa mpya. Kukiongezeka ghafla kuliko ulivyozoea, angalia mambo matatu: grisi imekauka kwenye meno, gia ndogo imelegea kwenye kranki, au beringi ya katikati ya gia kubwa imeisha. Kukiwa na mlio wa kukwaruza usiopangika, wakati mwingine upo, wakati mwingine haupo, mashaka yote yaelekeze kwenye hiyo beringi.

Sasa achia klachi polepole, tairi lianze kuzunguka. Gia kubwa na mhimili vimeshikana, kwa hiyo beringi ya katikati ya gia haina kazi tena. Sauti ya kusaga ikianza hapa, haitoki kwenye vipande vya klachi. Inatoka kwenye beringi za mhimili, sproketi ndogo, roda ya kukaza mnyororo, au mnyororo wenyewe. Ndicho ulichokieleza: ukianza kutembea, mgongano unapungua na kusaga kunaingia.

Jaribio jingine lifanyie barabarani, penye tambarare na pasipo na magari. Kimbiza kama kilomita 30 kwa saa, bana klachi, iache injini irudi chini huku baiskeli ikiserereka. Mtetemo ukikatika hapo hapo, unatoka kwenye injini au namna ilivyofungwa. Ukiendelea na kupungua kadiri baiskeli inavyopungua mwendo, tazama rimu, tairi na sproketi kubwa ya nyuma. Na ukisikia mlio mwembamba wa kulia kila unapobana klachi ukiwa kwenye mwendo, lakini hausikiki ukiwa umesimama, basi rodi na goroli zimekauka. Rodi huzunguka na mhimili wakati mkono wa klachi umetulia, na chuma kikavu juu ya chuma kikavu lazima kilie.

La mwisho: zima injini, ipoe. Weka kidole kwenye maungio ya kishikizo, kile kinachobana injini kwenye fremu, na bomba la fremu, nusu ya kidole iguse chuma cha injini na nusu iguse fremu. Mkono mwingine ushike kichwa cha silinda, utikise kwa nguvu kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Kidole kikihisi hata mchezo mdogo kama unene wa ukucha, umeshapata pa kuanzia. Kwa maelezo yako, nina uhakika utauhisi.

Vishikizo na stadi

Fremu ya Phoenix ni ndefu na pembe yake ni pana. Vishikizo vinavyokuja na injini vimetengenezwa kwa fremu ya baiskeli ya inchi 26, yenye mabomba ya kipenyo cha milimita 28 hivi na pembe finyu zaidi. Ukiviweka kwenye Phoenix, kishikizo cha nyuma kinakaa vizuri kwenye bomba la siti, lakini mbele pengo linabaki. Wengi hulijaza kwa vipande vya tairi la gari au kwa mti. Mantiki yao ni kwamba mpira utameza mtetemo. Mpira hauumezi. Unaipa injini nafasi ya kuruka, na kila mruko unaishia kwenye stadi. Mti nao hukauka kwa jua la Dodoma, unasinyaa, na nati iliyokazwa Jumatatu inakuwa imelegea Ijumaa bila nyuzi zake kuzunguka hata kidogo. Injini hizi hufungwa chuma kwa chuma. Ziunganike na fremu ziwe mwili mmoja, mtetemo ugawanyike kwenye uzito wa baiskeli nzima.

Kama kuna mpira au mti, toa. Fuata mpangilio huu, kwa sababu ukianza mbele utaivuta injini ikae upande. Legeza nati zote za vishikizo. Kalisha injini kwenye bomba la siti, hakikisha mkato wa kishikizo umelala kwenye bomba urefu wake wote. Rangi nene ikizuia, ikwangue. Kaza nati za nyuma kwa mkono tu. Simama nyuma ya baiskeli, tazama sproketi ndogo na sproketi kubwa. Weka rula ndefu au kipande cha bomba kilichonyooka ubavuni mwa sproketi kubwa hadi kwenye ndogo, uone kama ziko kwenye mstari mmoja. Zikiwa sawa, kaza nyuma moja kwa moja. Pima pengo la mbele jinsi lilivyo, usilivute kwa nati. Nati inayotumika kuvuta injini ifike kwenye bomba inabaki na msukumo wa kudumu, na hiyo ni njia ya haraka ya kukata stadi.

Pengo lijaze kwa chuma. Mpelekee fundi wa kuchomelea kipimo chako akukatie pleti ya milimita 6, itobolewe matundu mawili ya stadi za injini na mawili ya boliti ya U inayokumbatia bomba la mbele. Boliti za U za kufungia bomba la moshi la gari zinafaa, mradi upinde wake ulingane na bomba lako. Usikubali bomba la fremu litobolewe ili boliti ipite katikati. Bomba la mbele ndilo linalobeba msukumo wa uma, na likitobolewa litapasuka hapo, tena litapasukia barabarani. Kuchomelea pleti moja kwa moja kwenye bomba nako sikushauri. Bomba hilo ni jembamba na joto hulilegeza.

Stadi iliyokatika: kama kipande kimechomoza, zungushia nati mbili, zibane zenyewe kwa zenyewe, kisha fungua kwa kutumia ile ya ndani. Kabla ya hapo paka mafuta ya kupenya, acha usiku mzima, na upashe joto eneo la alumini. Kikiwa kimekatika usawa wa bodi, piga alama katikati kabisa, toboa kwa keekee ya milimita 3, ongeza taratibu. Keekee ikikimbilia kwenye alumini, ambayo ni laini kuliko stadi, umeharibu nyuzi. Si mwisho wa injini. Kama stadi zako ni za milimita 6, huo ni wakati mzuri wa kuhamia za milimita 8: toboa kwa keekee ya 6.8, kata nyuzi kwa tapu ya M8 hatua 1.25. Nunua chuma kilichoandikwa 8.8. Stadi zinazong'aa za chuma kisichoshika kutu zinapendeza kwa macho, ila nyingi za dukani ni laini kwa kazi hii.

Kukaza: stadi ya M8 kwenye alumini inatosha nyutoni-mita 16 hivi, ya M6 kama 10. Usipokuwa na spana ya kipimo, shika spana sentimita 10 kutoka kwenye nati na uvute kwa nguvu kama ya kuinua kilo 16 kwa M8, au kilo 10 kwa M6. Zaidi ya hapo unang'oa nyuzi. Weka wosha ya springi na tone la gundi ya nati, ile ya buluu inayofunguka kwa spana, si nyekundu. Nati zenye nailoni ndani zinafaa kwenye vishikizo, lakini usiziweke kwenye kichwa cha silinda wala kwenye bomba la moshi. Joto litayeyusha nailoni. Na hilo bomba la moshi lishikwe kwenye fremu kwa kishikizo chake. Likining'inia kwa stadi mbili za silinda tu, linatetemeka lenyewe, linalegeza gasketi yake, na linaongeza kelele unayoidhania ni ya klachi.

Mnyororo na sproketi ya nyuma

Baada ya injini kutulia, mnyororo unaanza kusema ukweli. Mnyororo wa injini hizi ni wa saizi 415. Ukiubonyeza katikati, ucheze kama sentimita moja na nusu. Uzungushe tairi taratibu ukiupima kila robo ya mzunguko. Sehemu moja ukiwa umekaza na nyingine umelegea, sproketi kubwa haiko katikati ya gurudumu. Hilo ni jambo la kawaida sana kwenye sproketi inayobanwa kwenye spoku kwa mipira miwili na boliti 9: mwenye kuifunga hukaza upande mmoja hadi mwisho, nayo inahama. Legeza boliti zote, isogeze mpaka iwe katikati, kisha kaza moja moja kwa kuvuka, kama nati za gurudumu la gari. Funga kijiti kwenye fremu kikaribie ubavu wa sproketi, zungusha tairi: isitikisike kwa ubavu zaidi ya milimita 1.5. Kaza spoku zilizolegea kwanza, maana sproketi haiwezi kutulia juu ya spoku zinazocheza.

Roda ya kukaza mnyororo iangalie kwa makini kuliko kitu kingine upande huu. Imefungwa kwenye bomba la chini linaloelekea gurudumu la nyuma kwa klampu ya boliti mbili tu, na ikilegea huzunguka ikaingia kwenye spoku. Tairi la nyuma linajifunga papo hapo na mpanda baiskeli anaruka. Mnyororo ukiwa na urefu sahihi, roda iguse kwa wepesi tu. Ikiwa inaubana kwa nguvu, fupisha mnyororo badala ya kutegemea roda. Beringi ya roda ikikwama inatoa sauti ya kusaga inayofanana kabisa na uliyoieleza. Izungushe kwa kidole.

Ndipo ufungue klachi

Anza na kilicho nje. Waya wa klachi uwe na ulegevu wa milimita 2 hivi kwenye mkono wa injini kabla haujaanza kusukuma. Ukiwa umekazwa kabisa, klachi haishiki kikamilifu, inateleza kidogo kidogo, inachemka, na baiskeli inatikisika inapoanza kutembea. Mafundi wengi huona hivyo wakahukumu kwamba vipande vimekwisha, kumbe tatizo ni waya.

Fungua kifuniko cha kushoto cha sproketi. Mkono wa klachi uuchomoe, ufute uchafu, upake grisi. Tahadhari na goroli: iko nyuma ya mkono, na inaanguka bila kutoa taarifa. Tandika kitambaa chini. Goroli ikiwa imeliwa upande mmoja au rodi imefumuka ncha, badilisha. Ni spea ndogo. Hapo hapo shika sproketi ndogo uitikise juu na chini. Isicheze. Ikicheza, beringi za mhimili zimekwisha, na sauti ya kusaga umeshaijua ilikotoka.

Kifuniko cha kulia kina skrubu za nyota ambazo kiwandani hukazwa sana. Ingiza bisibisi inayojaa vizuri, ipige nyundo mara mbili tatu, ndipo ugeuze. Ukifungua, tazama kabla ya kufuta. Unga mweusi mkavu ni kawaida. Grisi iliyotapakaa hadi kwenye vipande vya msuguano ni kosa la aliyeijaza: klachi hii ni kavu, na grisi inatakiwa kwenye meno ya gia peke yake, kiasi cha punje ya harage, ya aina inayostahimili joto. Ukikuta unyevu wa petroli na oili, ishara ni nzito zaidi. Sili ya kranki, ule mpira unaozuia uvujaji, upande wa kulia imepasuka. Injini inavuta hewa hapo, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, na vipande vinalowa. Sili ni lazima ibadilishwe kabla ya jambo jingine.

Gia ndogo ishike kwa vidole uizungushe mbele na nyuma, kranki ikiwa imezuiwa. Ikicheza juu ya kranki, nati imelegea au kile kipande cha chuma cha nusu mwezi kinachoifunga kimekatika. Mgongano unaousikia ukiwa umesimama unaweza kuwa huo. Kutoa gia tumia pula inayokuja na seti ya injini. Usichokonoe kwa bisibisi, utapasua bodi. Angalia meno: yakiwa yamechongoka au yamemeguka, badilisha gia zote mbili kwa pamoja, maana gia mpya juu ya gia iliyolika haitatulia.

Katikati ya pleti ya nje kuna nati yenye umbo la ua, na pembeni yake skrubu ndogo ya kuizuia. Nati hiyo ndiyo inayopanga msukumo wa springi. Ili kuirekebisha, bana klachi na uifunge kwa kitufe, toa skrubu ndogo, kaza ua kwa robo ya mzunguko, rudisha skrubu kwenye mkato ulio karibu, kisha jaribu. Ikiwa klachi inateleza, kaza robo nyingine. Ikikataa kuachia, baiskeli inasukumwa hata ukiwa umebana, legeza. Skrubu hiyo ndogo usiiache nje hata kwa jaribio la dakika mbili. Ua litafunguka lenyewe, na skrubu iliyobaki imelegea ikidondokea kati ya gia, meno yanavunjika.

Toa pleti utazame vipande. Vikiwa vimechomoza juu ya gia na havijapasuka, ni vizima. Vyenye kung'aa kama kioo visugue kwa msasa laini. Vyenye grisi vioshe kwa petroli safi, vikauke juani mbali na moto. Vumbi lake lifute kwa kitambaa chenye unyevu, usipulize kwa mdomo. Kisha zungusha gia kubwa kwa mkono. Itembee kimya. Aina za zamani zina magoroli yaliyo wazi nyuma ya gia, yahesabu unapotoa na urudishe yote na grisi. Aina mpya zina beringi iliyofungwa. Ikikwaruza, soma namba yake na ununue hiyo hiyo.

Ukiyafanya haya, naamini utakuta kwamba kilichokufa, kama kipo, ni beringi moja au goroli moja.

Mtetemo unaobaki

Injini ya pistoni moja haiwezi kutulia kabisa. Uzito wa kranki unasawazisha sehemu tu ya mwendo wa pistoni. Ukiwa na sproketi ya nyuma ya meno 44, kranki inazunguka mara 18 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa tairi la inchi 28, kilomita 30 kwa saa ni mizunguko 4,100 hivi kwa dakika, na kilomita 40 ni kama 5,450. Katikati ya hapo ndipo viganja vinapokufa ganzi. Sproketi ya meno 36 inashusha mizunguko ya kilomita 40 hadi kama 4,450, na kwenye lami utaona raha. Lakini wewe unapita kwenye mchanga na dumu nyuma. Baki na 44, uendeshe kati ya 25 na 30.

Upo pia mtetemo wa injini inayokohoa, inayowaka mara moja na kuruka mara inayofuata. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, na kabureta iliyopangwa kwa pwani inatoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo. Hakikisha kwanza hakuna hewa inayoingia kwa wizi: injini ikiwa inanguruma taratibu, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na silinda. Mzunguko ukibadilika, gasketi inavuja. Pakiwa sawa, fungua kabureta, pandisha kibanio cha sindano mkato mmoja juu ili sindano ishuke. Mkato mmoja tu, kisha endesha kilomita kadhaa na utoe plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu, bado petroli ni nyingi. Nyeupe, rudisha upesi kabla pistoni haijaungua. Plagi ya NGK B6HS yenye pengo la milimita 0.6 inaifaa injini hii.

Oili ya 2T changanya mililita 40 kwa lita moja ya petroli, baada ya injini kuzoea. Kwa kilomita 500 za mwanzo weka 60. Kipime kwa sindano ya dawa isiyotumika tena, si kwa kifuniko cha chupa. Na tangu Mei hadi Novemba, vumbi linapotawala, sponji ya chujio la hewa ioshe kila wiki kwa maji ya sabuni, ikauke, idondoshee oili kidogo uiminye. Vumbi la barabara za Hombolo likipita kwenye kabureta linakula ringi za pistoni na beringi za kranki kwa pamoja.

Kama baada ya yote haya mtetemo ni ule ule, pima kranki. Fungua kifuniko cha magneto, kile kinachozalisha umeme wa plagi, shika sumaku, itikise juu na chini. Mchezo wowote unaouhisi ni wa beringi za kranki, ambazo kwa kawaida ni 6202. Omba zenye alama ya C3, na thibitisha namba kwenye beringi yako kabla ya kununua. Toa pia kichwa cha silinda, peleka pistoni karibu na juu, ibonyeze huku ukiizuia kranki. Ikishuka kwa mlio wa tik, fimbo ya pistoni imelegea kwenye kranki. Hapo sishauri kutengeneza. Kubadilisha kranki, beringi na sili, kisha kumlipa fundi mwenye mashine ya kuinyoosha, gharama yake inakaribia injini nyingine, na vishikizo vyako vipya vitaipokea injini hiyo bila kazi ya ziada.

Nenda dukani na orodha fupi: stadi mbili za M8 za daraja 8.8 na nati zake, boliti ya U, gundi ya buluu, goroli moja ya klachi, na kopo dogo la grisi ya joto. Namba za beringi subiri uzisome mwenyewe baada ya kufungua. Ukimaliza kufunga, endesha kilomita 10 bila mzigo, acha injini ipoe, kaza tena vishikizo, nati za kichwa kwa kuvuka, na klampu ya roda. Rudia kwenye kilomita 50. Baada ya hapo kila Jumamosi kabla ya safari ya shamba. Nati moja ikiendelea kulegea peke yake wakati nyingine zimetulia, usiikaze zaidi: kagua nyuzi zake, maana zimeanza kung'oka.